Jiwe lako ni kimondo kweli? Maswali ya wasomaji kuhusu kutafuta, kununua na kutunza vimondo

Toka toleo lililopita tuandike kuhusu kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililotoka angani ambalo liko mkoa wa Songwe, meseji zimekuwa nyingi mno, na picha za mawe ndo usiseme, zinatoka Geita, Kitui, Kigoma, Bujumbura mpaka Muscat. Yote hayaenei kwenye ukurasa huu kwahiyo tumechagua yale yanayoulizwa na wengi, mengine tumeyafupisha kidogo ila maana iko palepale.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mkulima huku Vwawa. Nilikuwa nalima nikakuta jiwe jeusi, zito kupita kawaida, nikachukua sumaku ya spika mbovu nikaliwekea, ikanasa. Jirani ananiambia hicho ni kimondo, nisimwonyeshe mtu, kuna wazungu wanatoa mamilioni. Nifanyeje? (Mkulima, Vwawa)

Marahaba ndugu yangu. Kwanza usilipasue, usilichome moto, usilioshe kwa maji wala dawa yoyote, na hiyo sumaku iweke mbali kuanzia leo, nitakueleza kwa nini.

Kunasa sumaku ni dalili tu, sio jibu. Nenda Liganga kule Ludewa, pale kuna mlima wa mawe ya chuma, okota jiwe lolote litanasa, na hakuna hata moja lililotoka angani. Alafu ukanda wenu huo kuanzia Unyiha mpaka Ufipa wazee walikuwa wanayeyusha chuma toka zamani, yale matanuri ya udongo ya Ufipa wanayaita malungu na baadhi yamesimama mpaka leo, sasa kazi ile iliacha mavi ya chuma mashambani. Mavi ya chuma yanadanganya watu kuliko kitu kingine chochote maana ni meusi, yana uzito, na yana sura ya kitu kilichoungua. Tazama vitundu. Yakiwa na vitundu vya mapovu, nje au pale yalipovunjika, basi yametoka kwenye tanuri au ni jiwe la volkano. Kimondo kwa kawaida hakina mapovu.

Kimondo ambacho hakijakaa sana kina ganda jembamba jeusi, hata milimita moja halifiki, limelizunguka jiwe lote kasoro pale lilipomeguka. Ganda hilo linatokea jiwe linapopita kwenye hewa kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, uso wake unayeyuka na kupeperushwa, ndani kunabaki kama kulivyokuwa. Vingine, hasa vya chuma, vina mabonyo kama mtu amebonyeza unga wa chapati kwa kidole gumba. Kona kali sana hakina, na hakina fuwele nyeupe za kung'aa kama zile za jiwe la dhahabu, ukiziona hizo acha kujisumbua.

Ukishavuka hapo chukua kipande cha marumaru ya sakafuni, geuza upande wa nyuma usiong'aa, kwaruza jiwe lako pale. Likiacha mstari mwekundu kama udongo wa tofali ni hematiti, likiacha mweusi ni magnetiti, yote mawili ni mawe ya hapahapa duniani. Kimondo mara nyingi hakiachi kitu au kinaacha kijivu hafifu sana. Mwisho chukua msasa wa chuma, chagua kona moja isiyo na sura, sugua taratibu mpaka upate kidirisha cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Hapo ndo utamu wenyewe uko. Kama ni kimondo cha mawe cha kawaida utaona rangi ya kijivu au kahawia na ndani yake chembechembe za chuma zinametameta, chuma kweli cha kung'aa kama kijiko kipya, zimetawanyika bila mpangilio, na ukiwa na lenzi utaona viduara vidogo vidogo vimejipanga humo. Vile viduara vilikuwa matone ya mawe yaliyoyeyuka kabla dunia yetu haijakamilika, umri wake ni karibu miaka bilioni 4.56. Mimi kila nikikiona kidirisha cha namna hiyo nakaa nacho mudaa mrefu, sizoei.

Sasa kuhusu sumaku. Wengi tumezoea kupapasa jiwe kwa zile sumaku ndogo kali zinazotoka kwenye spika na diski za kompyuta, lakini mawe mengi ya angani yanabeba kumbukumbu ya usumaku wa kule yalikotoka, na sumaku kali inaifuta yote kwa kugusa mara moja tu. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba jiwe moja maarufu lililotoka sayari ya Mirihi na kununuliwa Morocco, linaitwa NWA 7034, limeharibiwa hivyohivyo na mikono ya watafutaji na wauzaji, na lile lilikuwa na habari za Mirihi ya zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Tumia dira ya kawaida. Sogeza jiwe taratibu karibu na sindano, ikigeuka umeshapata jibu lako na hujaharibu kitu.

Ukiona dalili zote zimekaa sawa rudi pale shambani, piga picha mahali ulipolikuta, chukua GPS kwa simu, andika tarehe na kina cha udongo. Alafu wasiliana na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, wako Dodoma, au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Wenye ile mashine ya kupimia madini, XRF, wanaweza kukuambia kama ndani ya chuma chako kuna nikeli. Chuma cha angani lazima kina nikeli, kwa kawaida kuanzia asilimia 5 hivi kwenda juu, cha Mbozi kina karibu asilimia 9. Chuma cha jembe na cha reli hakina kiasi hicho. Ushauri wa jirani wa kuficha usiufuate, jiwe lililofichwa uvunguni linaota kutu na habari zake zinapotea.

SWALI: Kaka naomba msaada wa haraka. Kuna jamaa ameniletea kimondo cha kilo 3, anataka milioni 40, ana cheti chenye mihuri na anasema jiwe likiwekwa karibu na tochi linazima. Nichukue? Na kimondo ni bei gani kwa gramu? (Mfanyabiashara, Arusha)

Usichukue. Jiwe linalozima tochi, linalokata mtandao, linalofanya saa isimame, hayo yote ni maneno ya matapeli na hakuna kimondo kimewahi kufanya hivyo. Cheti nacho usikitegemee, mtu yeyote mwenye printa anachapa cheti.

Cheti cha kweli kinaendaje sasa. Jiwe linapelekwa maabara kwa mtaalamu anayekubalika, linakatwa, linapimwa kemia yake, alafu taarifa inaenda kwenye kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, wakiridhika wanalipa jina rasmi na linaingia kwenye orodha yao ambayo iko wazi kwa kila mtu mtandaoni bure, ina zaidi ya mawe 70,000. Na lazima uache sampuli kwenye taasisi, gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, kile kilicho kidogo. Kwahiyo muuzaji akikutajia jina, fungua ile orodha, soma lilipatikana wapi, lini, uzito gani, ni la aina gani, alafu linganisha na ulichoshika mkononi. Akikwambia halina jina bado, basi bei yake iwe bei ya jiwe lisilo na jina.

Bei sasa. Hapa ndo watu wengi wanaumia maana wanasikia habari za mamilioni na hawasikii zilizobaki. Kondraiti ya kawaida, yani kile kimondo cha mawe chenye viduara, kutoka Sahara, isiyo na jina, iliyopigwa na jua na kutu, inauzwa dola moja kwa gramu, pengine chini ya hapo, ikiwa nzuri dola chache. Vya chuma vinavyopatikana kwa wingi kama vya Campo del Cielo kule Argentina navyo viko hukohuko. Bei inapanda kwa mawe ya Mwezi na Mirihi, huko ni makumi mpaka mamia ya dola kwa gramu kutegemea uzuri na wingi. Mwezi wa 7 mwaka 2025 jiwe la Mirihi linaloitwa NWA 16788, kilo 24.67, kubwa kuliko yote ya Mirihi tunayoyajua, liliuzwa mnadani Sotheby's New York kwa dola milioni 5.3 ukijumlisha ada. Lilipatikana jangwani Niger mwaka 2023. Baada ya mnada serikali ya Niger ikaanza uchunguzi, inauliza jiwe lilitokaje nchini, na mimi nasema wana haki kabisa ya kuuliza.

Na kuna ile habari ya Indonesia, Agosti 2020, jiwe la kilo mbili na kitu lilitoboa paa la fundi wa majeneza kule Sumatra ya kaskazini. Dunia nzima ikaandika amekuwa milionea, eti dola milioni 1.8. Kumbe mwenyewe aliuza kwa rupia milioni 200, kama dola 14,000 hivi, na bei ile ya mamilioni ilitokana na mtu kuchukua bei ya gramu moja ya duka la mtandaoni akaizidisha na uzito wote. Yani hesabu hiyohiyo ndo anayokupigia huyo jamaa yako wa Arusha.

SWALI: Mwanangu ameokota jiwe ambalo majirani wanasema ni la ile siku ya mwaka 2011 mawe yalipoanguka huku kwetu. Nimeogopa, analala nalo. Lina miale ya sumu? (Mama, Thika)

Mama toa wasiwasi. Vimondo havina mionzi ya kukudhuru, havizidi mawe ya kawaida. Hata moto havichomi, kile cha Thika cha tarehe 16 Julai 2011 kama vilivyo vingine kilipunguza kasi kikiwa bado juu sana na kilomita za mwisho kilidondoka tu kama jiwe lililorushwa, hayo mawe yakifika chini yanakuwa ya uvuguvugu au baridi. Mwache mtoto nalo, ila asilale nalo kwa sababu ya jasho, jasho lina chumvi na chumvi inaleta kutu. Mtafutie kibox chenye kifuniko, mweleze aandike nani alilipata na wapi. Na ukiweza lipige picha ulitume kwa watu wa jiolojia Chuo Kikuu cha Nairobi, mawe ya Thika yaliyopatikana yote kwa pamoja ni kama kilo 14 tu kwahiyo kila kimoja kina maana.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Momba. Nasikia kijiji cha Ivuna kimeandikwa kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima lakini huku hatuna hata kibao. Ni kweli? Na jiwe lenyewe liko wapi? (Mwalimu, Momba)

Ni kweli mwalimu mwenzangu, na swali hili nimelifurahia kuliko yote.

Tarehe 16 Desemba 1938 jioni jiwe lilianguka Ivuna, hapo karibu na Ziwa Rukwa, penye ile chumvi iliyokuwa inachemshwa na wenyeji kwa karne nyingi. Kilichookotwa ni gramu kama 705 tu, mtu anashika kwa mkono mmoja. Ni jeusi, laini, unaweza kulikwaruza kwa ukucha, kwa macho ya kawaida ni kama bonge la udongo mkavu wa mkaa, na mtu asiyejua angelitupa. Lakini kemia yake ukiondoa zile gesi nyepesi inafanana na ya Jua lenyewe, yani kile kilichotengeneza Jua na sayari zote kimebaki mle bila kuchujwa. Ndani ya madini yake kuna maji yamefungwa toka mwanzo, na kuna amino asidi, vile vijenzi vya protini. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Vilivyoonekana vikianguka na vikaokotwa ni vitano tu hata ukihesabu toka mwaka 1806, viwili Ufaransa, kimoja India, kimoja Canada, na cha kwetu.

Alafu Desemba 2020 chombo cha Japani kinachoitwa Hayabusa2 kikaleta gramu 5.4 za vumbi kutoka Ryugu, ambayo ni asteroidi, yani mwamba mkubwa unaozunguka Jua. Walipozipima wakakuta zinafanana na aina ya Ivuna. Fikiria, wametuma chombo safari ya miaka sita kwenda na kurudi, na kitu walichokileta cha kulinganishwa nacho kilishadondoka Momba kabla hata ya vita kuu ya pili.

Jiwe lenyewe limegawanyika, vipande viko kwenye makumbusho na maabara za nje, na Natural History Museum ya London mwaka 2008 ilinunua kipande kikubwa kilichokuwa kinatunzwa ndani ya nitrojeni ili hewa yetu isikiguse. Kukitunza vile ni sahihi kabisa, jiwe laini namna ile likikaa kwenye unyevu wa kawaida linabadilika. Lakini mtoto wa Ivuna kutokujua kwamba jina la kijiji chake linatajwa na wanasayansi Tokyo na Houston, hilo linaniuma. Kibao hakihitaji jiwe, mwalimu. Ubao wa zege wenye tarehe na maelezo unajengwa na shule moja na halmashauri, anzeni nyie, na tarehe 16 Desemba mnayo. Mkoa wa Songwe una Mbozi na una Ivuna, cha chuma kikubwa na hicho cha laini, sijui ni mkoa gani mwingine Afrika una bahati kama hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Muscat miaka mingi, kwetu asili Unguja. Wikiendi tunaenda jangwani na vijana, nasikia Oman ina vimondo vingi kuliko nchi nyingi. Tukiokota tunaweza kuja navyo nyumbani? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam. Ni kweli ndugu yangu. Uwanda wa Jiddat al-Harasis, Sayh al Uhaymir, na kule Dhofar ni miongoni mwa sehemu tajiri sana kwa vimondo duniani, na sababu ni rahisi, mvua ni haba kwahiyo jiwe linadumu maelfu ya miaka bila kuoza, na ardhi yenyewe ni chokaa nyeupe tambarare, jiwe jeusi linaonekana toka mbali ukiwa kwenye gari. Timu ya Waomani na Waswisi imekuwa ikitafuta huko tangu 2001, na Januari 2002 walipata SaU 169 (SaU ni kifupi cha Sayh al Uhaymir), jiwe la Mwezi la gramu 206, wakalichunguza mpaka wakaweza kukisia ni eneo gani la Mwezi lilikorushwa.

Lakini kuja nalo nyumbani bila kibali, hapana. Oman hairuhusu kutoa vimondo nje ya nchi bila idhini, na hawatanii. Mwaka 2011 watafutaji wawili kutoka Marekani, watu wenye jina kubwa kwenye kazi hii, walikamatwa huko kwa kosa la uchimbaji haramu wakakaa ndani karibu miezi miwili. Mkiliona lipigeni picha, chukueni GPS, acheni hapohapo, pelekeni taarifa kwa wahusika. Jiwe lililopatikana likiwa na mahali pake linatoa faida kubwa kuliko lililobebwa kwenye begi. Afrika Kusini na Namibia nazo zina sheria kali za urithi, kile cha Hoba cha Namibia, tani 60 hivi, kikubwa kuliko vyote duniani, kinalindwa toka 1955.

SWALI: Babu yetu anasema jiwe la angani ukilisaga ni dawa. Ni kweli? (Kijana, Tanga)

Hapana, msilile. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi yalianguka mjini Mbale, Uganda, na wapo waliosaga wakala wakiamini yanatibu UKIMWI, hayakumtibu yeyote. Ni madini ya mawe na chuma na nikeli, tumbo lina kazi gani nayo. Siku hiyohiyo pale Mbale kijana mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu 3.6, kilipita kwanza kwenye majani ya mgomba kikapungua nguvu, hakuumia. Mwambieni babu kwa heshima, mwelezeeni hiyo habari ya mgomba, wazee wanaipenda.

SWALI: Wiki iliyopita usiku tumeona moto mkubwa angani ukadondoka nyuma ya kile kilima pale. Tumezunguka kilima kizima hatujaona kitu. Tunakosea wapi? (Vijana wa Kondoa)

Mnakosea umbali. Ule mwanga unazimika jiwe likiwa bado kilomita 20 na zaidi juu, baada ya hapo linadondoka gizani dakika kadhaa bila kuonekana na upepo unalisukuma. Kwahiyo uliloliona linapotea nyuma ya kilima huenda lilikuwa juu ya mkoa mwingine kabisa, Manyara au Singida au mbali zaidi. Ni macho tu, usiku angani hamna kitu cha kupimia umbali.

Cha kufanya ni hiki. Jiulizeni mlisikia mshindo? Mwanga alafu baada ya dakika moja mbili ngurumo kama ya radi wakati anga iko safi, au mlio wa kupuliza na vishindo vya mawe kugonga chini, hapo kweli liko karibu. Bila mlio wowote hesabuni kwamba liliungua lote au liko mbali. Alafu tafuteni mashahidi wa vijiji tofauti, kila mmoja asimame palepale aliposimama usiku ule aonyeshe kwa mkono lilipoanzia na lilipoishia, chukueni mwelekeo kwa dira, andikeni kwenye ramani, mistari ikikutana ndo pa kuanzia. Siku hizi kamera za maduka na petroli steshini zinasaidia sana, waombeni wenyewe wahifadhi rekodi ya usiku ule isije ikafutika maana nyingi zinajifuta baada ya siku chache.

Mawe yanaanguka kwenye eneo refu la duaradufu, madogo yanaishia nyuma, makubwa yanaenda mbele zaidi kwa sababu ya uzito. Mbale eneo lilikuwa kama kilomita 3 kwa 7. Ukipata kimoja kidogo cha ganda jeusi bichi, usikimbie kutangaza, simama, angalia kimeanguka upande gani wa mwelekeo, alafu fuata mbele. Na zile nyota zinazokimbia kwa wingi Agosti na Desemba, Perseidi na Geminidi, msizifuate, zile ni chembe ndogo sana zinaisha hukohuko juu. Msiingie kwenye shamba la mtu bila kumwomba, kwani mwenye shamba ndiye mtakayemhitaji kesho.

SWALI: Ile pete ya chuma iliyoanguka Mukuku kwetu Makueni ilikuwa kimondo? (Msomaji, Wote)

Hapana. Ile ya tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa pete ya upana wa mita 2.5 hivi na uzito kama kilo 500, Kenya Space Agency wakasema ni kipande cha roketi. Kitu chenye umbo la kupimwa kwa rula, matundu ya skrubu au maungio ya kuchomelea kimetengenezwa na binadamu. Hicho ndicho usikiguse, kinaweza kuwa na mabaki ya mafuta ya sumu, kaa mbali ita polisi.

SWALI: Mimi mwanafunzi wa chuo Dar, napenda sana haya mambo ila mfuko mdogo. Naanzaje kukusanya? Na joto na unyevu wa huku pwani vipi? (Mwanachuo, Ubungo)

Mdogo wangu anza na kipande kimoja kidogo chenye jina, sio mfuko wa mawe yasiyojulikana. Wageni wa kazi hii wanapenda wingi, alafu baada ya mwaka mzima wana mawe hawajui hata moja limetoka wapi. Ningekuwa wewe ningetafuta kipande cha kukatwa, bapa, kilichong'arishwa upande mmoja, cha Sericho. Hicho ni cha kwetu hukuhuku, kimetoka Isiolo kaskazini mwa Kenya, wafugaji wa ngamia waliyajua yale mawe mazito miaka mingi, mwaka 2016 ndo yakaanza kutambulika kuwa vimondo, zaidi ya tani mbili zimepatikana. Ni palasaiti, aina adimu. Ukishika bapa lake jembamba ukalielekeza dirishani unaona chuma cha fedha kimeshika fuwele za madini ya olivini za rangi ya asali na kijani, mwanga unapita kabisa upande wa pili. Inaaminika mchanganyiko huo ulitokea pale chuma kilichoyeyuka ndani ya asteroidi kilipokutana na mawe ya juu yake. Inasikitisha kwamba mengi yameshaondoka, yako Ulaya na Marekani na Uchina, na mtu wa Dar akitaka kipande inabidi aagize kutoka huko kurudi huku, ila ndo hali ilivyo.

Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudisha hela, anayekuandikia uzito, jina, na kwa nani alilipata. Karatasi hiyo itunze kama jiwe lenyewe, siku ukiipoteza una kipande cha chuma tu.

Unyevu wa Dar ni adui mkubwa, palasaiti na vimondo vya chuma vinaoza hapo haraka, utaona matone ya kahawia yanatoka pembeni kama jasho, hiyo ni kloridi, ile ya kwenye chumvi, iko kazini. Usiweke kabatini wazi. Tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, weka zile paketi za silika zinazokuja kwenye viatu vipya na vifaa vya umeme, zikaushe kila baada ya muda. Shika kwa glovu au karatasi laini. Kikianza kutu sugua kwa msasa laini sana, loweka kwenye spiriti yenye nguvu, ile ya asilimia 99 kama utaipata, maji hapana, kausha kwa taa ya joto, alafu pakaa mafuta mepesi ya cherehani. Vya mawe usipake mafuta, yanaingia ndani yanabadilisha rangi na maabara haviwafai tena.

SWALI: Nikienda Mbozi naweza kukata hata kijipande cha ukumbusho? (Msafiri, Iringa)

Hapana, ni kumbukumbu ya taifa iliyolindwa kisheria toka 1967 na iko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro. Na hata ungeruhusiwa usingeweza kirahisi. Desemba 1930, mwaka uleule kilipoandikwa rasmi, mtaalamu wa jiolojia wa serikali alikata kipande cha sentimita 10 hivi pale mkiani kwa msumeno wa chuma, ilimchukua saa kumi. Ni chuma na nikeli tupu, tani 16 kwa makadirio yanayotumika zaidi, urefu mita 3 na kitu. Unafuata barabara ya Mbeya kwenda Tunduma, hujafika Tunduma unachepuka kwenda kijiji cha Ndolezi, kiko mteremkoni mwa kilima cha Marengi. Mwombe mtembeza wageni wa pale akuonyeshe palipokatwa, alafu weka kiganja hapo, kugusa wanaruhusu.